So, Do, Mi, Do

Kodi ya C meja kwenye ukulele hupigwa kwa kidole kimoja. Nyuzi ni nne. Tatu unaziacha zilie zenyewe, na ule mmoja ulio chini kabisa, unaoelekea sakafuni ukikipakata chombo, unaubana kwa kidole cha pete kwenye freti ya tatu. Basi, imekwisha. Gitaa hudai vidole vitatu kwa kodi hiyohiyo, tena vikae kwa kupishana, na mtu anaweza kumaliza wiki nzima akisikia nyuzi mbili zikilia na nyingine zikinuna. Ukulele haimsumbui mgeni mlangoni. Inamkalisha sebuleni kwanza, maswali baadaye.

Urahisi huo umeiponza. Watu huiona kama kitu cha kuchezea watoto, na watengenezaji nao wamechangia kwa kuipaka rangi za pipi. Mpwa wangu aliletewa moja ya samawati, ile ndogo iitwayo soprano, na kwa kuwa mimi ndiye mjomba aliyewahi kuimba sauti ya tena kanisani, ukoo ulikata shauri kwamba mambo ya muziki ni yangu. Sikuwa nimewahi kushika ukulele. Nilikuwa na sol-fa kichwani, ikatosha kuanzia.

Nilimwomba apige nyuzi moja moja zikiwa wazi, akianzia ule ulio karibu na uso wake. Vitabu huziita G, C, E na A. Sikio la mwanakwaya linasikia so, do, mi, la. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mazoezi ya kwaya Jumamosi jioni anajua kuna mmoja hapo amekaa kiti kisicho chake, naye ni la. Ukibana freti ya tatu, la inapanda hatua tatu ndogo na kuwa do ya juu, na sauti nne zinakaa mahali pake: so, do, mi, do. Hizo ndizo mwalimu wa kwaya huzivuta kooni kabla hajainua mikono, akigawa: besi hii yenu, tena hii, alto hii, soprano juu. Watu wengi wa Afrika Mashariki wameishi ndani ya kodi meja tangu utotoni bila kuigusa kwa kidole. John Curwen aliieneza sol-fa huko Uingereza katika karne ya 19 ili wasiojua kusoma nota za mistari waweze kuimba pamoja kwa sauti nne. Wamisionari wakaja nayo, na mpaka leo wapo walimu wa kwaya wanaoandika wimbo mzima kwa herufi d, r, m, f kwenye karatasi ya daftari na kuutoa fotokopi.

Ila kwaya hii ya nyuzi nne ina utaratibu wake. Uzi wa juu, ulio karibu na uso, si mnene wala si mzito kama ulivyo kwenye gitaa. Ni mwembamba na mlio wake umepanda. Sauti ya chini kabisa iko kwenye uzi wa pili, nayo ni ile do ya katikati ya kinanda. Kwa hiyo kidole kikishuka kwenye nyuzi, sauti huanzia juu, hudidimia, kisha hupanda tena, na kodi yote ya C inaenea ndani ya oktava moja tu. Besi hakuna. Mwanamume akiimba huku anajipigia, sauti yake yeye ndiyo inayokuwa chini ya chombo. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya ukulele kuwapenda waimbaji wa peke yao: imewaachia nafasi ya chini yote.

Sasa kubana kwenyewe. Kidole kisimame kwa ncha, kucha iwe imekatwa. Kisikae juu ya chuma cha freti, maana hapo nyama ya kidole inaziba sauti. Kisikae mbali nyuma, maana uzi utagongagonga chuma na kukwaruza. Mahali pake ni nyuma tu ya chuma, upande wa kichwa cha chombo, na hapo nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Mpwa wangu alikuwa anabana kana kwamba uzi una mpango wa kutoroka. Ncha ya kidole ilikuwa imepauka, na kidole gumba kilikuwa kinaikaba shingo ya ukulele kwa nyuma. Nilimwambia alegeze taratibu huku akipiga mpaka sauti ianze kufa, kisha aongeze kiasi kidogo tu, akae hapohapo. Kati ya sauti iliyokufa na sauti iliyo hai mpaka ni mwembamba sana, na mkono ukishaujua hausahau.

Tatizo lililofuata lilinivutia zaidi. Kidole cha pete kikichoka husinzia, na kikisinzia kinaegemea uzi wa jirani. Jirani yenyewe ni mi. Ukiizima mi, kinachobaki ni so, do, do.

“Mjomba, mbona hapa imekuwa kavu?”

Aliuliza swali zuri kuliko alivyojua. Nyuzi tatu zilikuwa zinalia vizuri, safi kabisa, bila mkwaruzo. Lakini kodi ilikuwa imepoteza neno. So na do zikiwa peke yao ni nguzo mbili zilizonyooka. Hazikuambii kama umeingia meja au maina. Anayesema ni mi, yule wa katikati, na ndiye ambaye kidole cha mwanafunzi kinamziba mdomo kwa bahati mbaya.

Kabla sijamaliza kumweleza, alianza uchokozi wa kurudisha kidole nyuma freti moja moja kwenye ule uzi wa chini. Freti ya pili: do ya juu inakuwa ti, na kodi inakuwa na ulegevu wa muziki wa hoteli saa za jioni. Freti ya kwanza: C saba, kodi isiyoweza kutulia, inayokuvuta kwenda F utake usitake. Akaachia kabisa: so, do, mi, la, zile nyuzi wazi tulizoanza nazo. Zote zina majina vitabuni, zote hutumika. Nimepiga kinanda cha kanisa kwa kubahatisha nikiwa kijana, na najua ukikosea funguo moja hapo usharika wote unageuza shingo. Ukulele ni chombo chenye huruma. Kidole kikipotea, mara nyingi hujikuta kwenye kodi nyingine halali.

Kazi ya mi inaonekana waziwazi zaidi kwenye A. A meja inataka vidole viwili: cha kati kwenye uzi wa juu, freti ya pili, na cha shahada kwenye uzi wa pili, freti ya kwanza. Piga. Kisha inua kile cha shahada tu, usiguse kingine chochote, upige tena. Umeingia A maina. Uzi mmoja umeshuka hatua moja ndogo, ile iliyo ndogo kuliko zote kwenye ubao, na chumba kizima kimebadilika hali ya hewa. Tulirudia jambo hilo kupita kiasi, kidole chini, kidole juu, mpaka dada yangu akatokeza kichwa kutoka jikoni kuuliza kama tunatengeneza au tunabomoa.

Hapo ndipo vitabu vya kufundishia huingia na hukumu yao: meja ni furaha, maina ni huzuni. Mwanafunzi huambiwa hivyo siku ya kwanza, pengine pamoja na kikatuni cha uso unaocheka na uso unaolia. Mimi siiamini hukumu hiyo, na kadiri ninavyoishika ukulele ndivyo ninavyozidi kutoiamini.

Kwanza, mi yenyewe haina makao ya kudumu. Do ikitikisika mara nne, mi itikisike mara tano na so mara sita, sauti tatu hukutana na kutulia kabisa, bila kupwita. Waimbaji wa kwaya isiyofuata kinanda wakisikilizana vizuri huweza kuishusha mi mpaka hapo kwa masikio yao tu. Fundi wa freti hana uhuru huo. Yeye ameigawa oktava hatua 12 zilizo sawa, kila hatua ikizidisha mtikisiko kwa takriban 1.0595, ili chombo kiweze kupiga C, A, F na nyingine zote bila kutyuniwa upya. Hasara imegawanywa kwa wote, na mi ndiyo iliyobeba fungu kubwa. Do yetu ya uzi wa pili hutikisika kama mara 261.6 kwa sekunde. Mi tulivu ingekuwa 327, lakini ile ya kwenye ukulele iko 329.6. Imezidi kwa karibu sehemu moja ya saba ya hatua ndogo. Kwa kuwa sauti ya ukulele hufa upesi, sikio haliwahi kulalamika.

Ukipenda unaweza kuujaribu ukweli huo kwa mkono wako. Legeza uzi wa tatu kidogo sana, kiasi cha kusikia C ikitulia na ule mtetemo ukiyeyuka. Inapendeza. Kisha piga A meja. Uzi uleule sasa ndio so ya kodi mpya, na so haisamehi: kodi inachafuka. Utaurudisha uzi ulikokuwa bila kuambiwa na mtu.

Na upande wetu wa pwani kuna watu ambao hawakuwahi kukubali kwamba mi ina nyumba mbili tu. Udi hauna freti. Mpigaji wa ganuni ana vishikizo vidogo vya chuma vya kupandisha na kushusha uzi kwa vipande vidogo kuliko hatua ya kinanda. Katika maqamu ya rasti, kama ilivyo katika muziki wa Kiarabu ambao taarab ya Unguja ilichota kwake, sauti ya tatu hukaa kati ya maina na meja, mahali ambapo ubao wa ukulele una mti mtupu kati ya chuma na chuma. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na wazee waliokulia kwenye muziki wa aina hiyo ukiwauliza kama mi ya rasti ni ya furaha au ya huzuni watakuuliza kwanza nani anaimba, na anaimba nini.

Pili, nimezika watu. Kwenye makanisa yetu mazishi huimbiwa meja. Chukua “Kaa Nami”, ambao tuni yake iliandikwa na Mwingereza William Henry Monk mwaka 1861. Ni do, mi, so mwanzo hadi mwisho, na nimeiimba tena yake kando ya makaburi huku udongo ukiangukia mbao. Sijawahi kusikia mfiwa akisema wimbo huo una furaha. Nyimbo nyingi za maombolezo kwenye vitabu vyetu vya tenzi ziko hivyo. Kinachofanya kazi hapo ni mwendo, pumzi, na watu wengi kukubaliana juu ya sauti moja kwa wakati ambapo hakuna kingine wanachoweza kukubaliana.

Ukulele nayo ina ushahidi wake. Ilizaliwa Honolulu, lakini mbegu ilitoka mbali. Tarehe 23 Agosti 1879 meli Ravenscrag ilitia nanga huko ikiwa imebeba watu wa kisiwa cha Madeira, Wareno waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Kati yao walikuwamo mafundi seremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Huko kwao kulikuwa na kigitaa cha nyuzi nne kiitwacho machete. Mafundi hawa wakafungua karakana na kuanza kuunda vyombo kwa mti wa koa unaoota Hawaii, na ndani ya miaka michache tu kilichokuwa cha Madeira kikawa cha Honolulu. Mfalme Kalākaua alikipenda, kikapigwa kwenye sherehe za kasri pamoja na ngoma ya hula.

Kiliwakuta watu ambao tayari wanaimba do, mi, so. Wamisionari wa Kimarekani walikuwa wameingia Hawaii tangu 1820 na tenzi zao za sauti nne, na Wahawaii wakazichukua na kuzifanya zao, kama tulivyofanya sisi. Dada wa mfalme, Liliʻuokalani, alikuwa mtunzi. Mnamo 1878 alitunga “Aloha ʻOe”, wimbo wa kuagana, ambao leo kila mwanafunzi wa ukulele hukutana nao mapema kwa kuwa kodi zake ni chache na nyepesi. Uko meja. Alitawazwa malkia mwaka 1891. Januari 1893 akapinduliwa na kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba huku askari wa Marekani wakiwa wameshushwa pwani. Mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa vyote. Baada ya hapo wimbo wa wapenzi wawili wanaoagana haukuweza tena kusikika kama wa wapenzi wawili tu. Kodi hazikubadilika hata moja.

Sasa angalia furaha ya ukulele ilitoka wapi. Mwaka 1915 kulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa San Francisco, na Hawaii ikawa na banda lake, wapigaji wakitumbuiza. Wamarekani wakashikwa na homa ya ukulele. Watunzi wa New York, wengine hawajawahi kuviona visiwa vyenyewe, wakaanza kufyatua nyimbo za minazi, mwezi na wasichana wa sketi za majani. Visiwa vilivyonyang'anywa malkia wao vikatangazwa kama mahali ambapo watu hawana shughuli ila kutabasamu, na ukulele ndiyo ikaajiriwa kutabasamu. Kazi hiyo haijaachishwa mpaka leo. Tazama tangazo lolote la benki au la bima lenye familia inayokimbia ufukweni, usikilize kinacholia nyuma. Mi ya C haikuomba ajira hiyo.

Nayasema haya kwa sababu ya “Malaika”. Mpwa wangu alitaka uwe wimbo wake wa kwanza mzima, na kwa C, F na G saba unapigika wote. F ina vidole viwili, G saba vitatu, na baada ya siku kadhaa alikuwa anahama kutoka C kwenda F bila kutazama mkono. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, na ugomvi wa nani hasa aliutunga umewachosha wengi. Lisilo na ugomvi ni kwamba uko meja kutoka mlangoni hadi uani, na kwamba ni wimbo wa kijana anayependa asiyeweza kuoa kwa sababu hana mali. Sijui wimbo mwingine wa Kiswahili wenye malalamiko makubwa ya fedha unaochezwa na watu wenye nyuso zilizotulia hivyo. Hotelini huimbiwa watalii wakati wa chakula cha usiku. Maharusi hufungulia nao muziki.

Nilimwambia apunguze mwendo. Alikuwa anaupiga mbio, mkono juu chini juu chini, kwa ule mchapo wa matangazo ya benki. Nikamwomba apige C mara moja, aiache ife yenyewe, kisha aimbe juu ya kimya. Alifanya hivyo. Kodi ileile, kidole kilekile kwenye freti ya tatu, na nyumba ikawa ya mtu anayehesabu sarafu zake. Hata yeye alisimama kidogo.

Kisha akarudi kwenye mbio zake. Ana harusi ya binamu yake mwezi ujao, ameombwa apige mlangoni wakati bwana harusi na bibi harusi wanaingia ukumbini.

“Lakini huo ni wimbo wa aliyekosa mahari,” nikamwambia. “Utawapigiaje watu walioshalipa?”

“Mjomba, ndiyo wanafurahi hivyo. Wamelipa.”

Sikuwa na jibu la kimuziki kwa hoja hiyo. Akaniomba nimgongee mdundo mezani, maana kutoka F kwenda G saba bado anachelewa.